Villa Rica: Mji Mdogo wa Georgia na Nyimbo Tunazoimba

Historia ya kwaya yetu mmeisoma katika kurasa zilizotangulia. Kamati ya jubilii iliomba pia makala fupi kuhusu mahali zilikotoka hizi nyimbo tunazoziita za injili, kwa sababu vijana wetu wengi wanadhani zilianzia kwenye redio. Wengine watataja Chicago, na hawajakosea. Lakini kisima chenyewe kiko mbali na Chicago, katika mji mdogo wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, uitwao Villa Rica. Huko ndiko alikozaliwa Thomas Andrew Dorsey, tarehe 1 Julai 1899.

Villa Rica uko yapata kilomita 50 magharibi mwa Atlanta, na umekaa juu ya mpaka wa kaunti mbili, Carroll na Douglas. Ni nchi ya vilima vya chini, misonobari mirefu na udongo mwekundu. Mtu wa Murang'a akishushwa pale baada ya mvua angedhani hajatoka nyumbani, mpaka atazame miti.

Ardhi hiyo ilikuwa ya watu wa kabila la Creek. Katika miaka ya 1820 mikataba ilitiwa sahihi, Wacreek wakasukumwa upande wa magharibi, na mwaka 1827 serikali ya Georgia ikagawa viwanja kwa wazungu kwa kupiga kura ya bahati nasibu. Wakati huohuo dhahabu ilikuwa imeonekana, na ndiyo sababu ya jina la mji, maneno ya Kihispania yenye maana ya kijiji tajiri. Utajiri huo haukukaa. Dhahabu ilipopungua, pamba ikatawala. Mwaka 1882 reli ilipofika, watu waliuacha mji wa zamani wakajenga upya kando ya njia ya treni. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa jinsi reli inavyoweza kuuvuta mji.

Pamba ililimwa na watumwa weusi. Sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilikataza kuwafundisha kusoma, kwa hiyo Neno la Mungu liliwafikia kwa masikio, nao wakalihifadhi kwa kuliimba. Utumwa ulikwisha mwaka 1865, lakini ardhi ilibaki kwa wenyewe. Familia nyingi za weusi zililima kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu na nyumbu. Mkulima alitoa jasho. Mwisho wa msimu pamba ilipimwa, deni la dukani likakatwa, na mara nyingi mkulima alirudi nyumbani bado anadaiwa. Wazazi wa Dorsey waliishi maisha hayo. Baba yake, mhubiri wa Kibaptisti aliyesomea Atlanta, alilima, akazunguka makanisani kuhubiri, na alifundisha pia watoto weusi katika shule ya chumba kimoja. Mama yake, Etta, alipiga kinanda cha kanisa.

Sasa tufike kwenye uimbaji wenyewe, maana hapo ndipo mji huu mdogo ulipokuwa tajiri kweli.

Kwanza kulikuwa na mguno. Katika makanisa ya weusi wa mashambani, mtu mmoja angeanza kuomboleza kwa sauti ya chini bila maneno, wengine wakamfuata, mpaka kanisa zima likawa linanguruma. Haukuwa na mpigo wala kitabu. Wazee waliamini kwamba shetani haelewi mguno, kwa kuwa hauna maneno ya kusikilizwa.

Pili, sehemu hiyo ya Georgia ilikuwa kitovu cha uimbaji wa noti za maumbo. Mwaka 1844 mwalimu wa kuimba wa mji wa Hamilton, upande wa kusini mwa Villa Rica, jina lake Benjamin Franklin White, pamoja na mwenzake Elisha King, walitoa kitabu kiitwacho The Sacred Harp. Noti zake zina umbo: pembetatu ni fa, duara ni so, mraba ni la, na almasi ni mi. Mkulima asiyejua kusoma muziki wa kizungu alitazama umbo akaijua sauti. Waimbaji hukaa wakitazamana katika pande nne, kila sauti upande wake, kiongozi akisimama katikati, na kila wimbo huimbwa kwanza kwa majina ya noti kabla ya maneno. Baadaye huja chakula chini ya miti. Mwanakwaya yeyote wa hapa aliyelelewa kwa solfa, akachapwa na mwalimu kwa kuimba fa mahali pa mi, ataona kwamba ndugu zetu wale walipita njia ileile. Weusi na wazungu wote waliimba hivyo, ingawa kila upande kwa mikutano yake.

Kijana Dorsey alivinywa vyote viwili, na kinanda cha mama yake juu yake.

Akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, umaskini uliwahamishia Atlanta. Huko aliacha shule mapema, akajifunza piano kwa kuwatazama wapigaji katika jumba la maonyesho. Baadaye alikwenda Chicago na kuwa mpiga bluzi maarufu kwa jina la Georgia Tom. Aliongoza bendi ya mwimbaji Ma Rainey, na mwaka 1928 yeye na Tampa Red walitoa santuri iliyouzwa sana, ambayo maneno yake hayawezi kuchapishwa katika kijitabu hiki.

Mtu huyo ndiye aliyeanza kubeba nyimbo zake mlangoni mwa makanisa. Wachungaji wengi wa Chicago walimfukuza. Walikuwa wamezoea kwaya zenye kuimba Handel kwa utulivu, nao waliona mpigo wake unanuka baa. Hata sisi tumekuwa na mikutano mirefu ya wazee wa kanisa juu ya ngoma, gitaa na kinanda cha umeme. Sisemi kila kitu kipya kinafaa. Vingine ni kelele tu. Lakini anayesema nyimbo za injili zimeharibiwa na muziki wa dunia ajue kwamba aliyezitunga alitoka huko huko, na kwamba kabla ya huko alitoka kwenye mguno wa kanisa la kijijini. Ukisikiliza vizuri, bluzi yenyewe ina mguno huo ndani yake.

Agosti 1932 Dorsey alikuwa St. Louis akiimba katika mkutano wa injili. Ikaja simu ya maandishi: mkewe Nettie amefariki akijifungua. Aliporudi alimkuta mtoto wa kiume akiwa hai, na mtoto naye akafa. Walizikwa katika jeneza moja. Dorsey alitaka kuachana na injili arudi kwenye bluzi. Siku chache baadaye, akiwa ameketi kwenye piano, vidole vyake vilishika tuni ya tenzi ya zamani na maneno mapya yakaja. Ndio wimbo Precious Lord, Take My Hand. Rafiki yake Theodore Frye aliuimba katika kanisa la Ebenezer la Chicago, na waumini wakasimama.

Dorsey aliongoza kwaya ya Pilgrim Baptist kwa miaka mingi, na pamoja na Sallie Martin na wengine wakaanzisha mkutano mkuu wa kwaya za injili wa taifa, uliosambaza mtindo huo nchi nzima. Tarehe 4 Aprili 1968, dakika chache kabla ya kupigwa risasi, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo huo usiku ule. Haikuwezekana. Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi, Atlanta, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mashamba ya pamba ya Villa Rica. Dorsey mwenyewe aliishi hadi Januari 1993.

Villa Rica bado upo. Desemba 1957 gesi ililipuka katikati ya mji na kuua watu 12, mji ukajengwa tena. Leo barabara kuu ya kwenda Atlanta inapita kando yake, na wakazi wengi huenda kufanya kazi mjini na kurudi jioni.

Wimbo huo umo katika ratiba ya leo, baada ya mahubiri. Tutauimba bila vyombo katika ubeti wa kwanza. Sauti ya nne, tafadhali msikimbie. Washirika wataingia kwenye ubeti wa pili, wakiwa wamekaa.