Chujio la mafuta: Jinsi ya kulibadilisha mwenyewe nyumbani

CHUJIO la mafuta ni miongoni mwa vipuri vidogo ambavyo mwenye gari huvikumbuka siku gari linapokataa kwenda. Wengi hulifahamu kwa jina la filta, na wapo wanaolichanganya na chujio la oili, lile ambalo hubadilishwa kila gari linapopelekwa sevisi. Hayo ni mawili tofauti. Chujio la oili husafisha kilainishi kinachozunguka ndani ya injini, wakati chujio la mafuta hukaa njiani kati ya tangi na injini, likizuia kutu, mchanga na takataka za tangi na, kwa magari ya dizeli, maji.

Kwa kawaida chujio lililoziba haliliui gari kwa siku moja. Katika mwendo wa foleni za mjini injini huhitaji mafuta kidogo, hivyo dereva anaweza kukaa miezi mingi bila kuhisi kasoro yoyote. Siku anapopakia familia na mizigo kwenda Mbeya au Songea ndipo siri hufichuka. Gari linapoanza kuupanda Mlima Kitonga, mkoani Iringa, injini huhitaji mafuta mengi kwa mkupuo, chujio hushindwa kuyapitisha, na gari hulegea huku malori yakiwa nyuma yake. Kuishiwa nguvu mahali pale, penye kona kali na korongo, ni jambo la hatari wala si usumbufu wa safari tu.

Dalili nyingine ni gari kuchelewa kuwaka asubuhi, mngurumo unaoyumba, kusitasita linapokanyagwa mafuta ili kulipita gari jingine na, kwa magari mengi ya dizeli, taa ya chujio kuwaka kwenye dashibodi. Ni kweli kwamba dalili hizo huweza pia kuletwa na plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi au pampu inayokaribia kufa. Hata hivyo, chujio la mafuta ni rahisi kuliko pampu, na ni busara kuanza na kilicho rahisi kabla ya kukubali kufunguliwa kilicho ghali.

Uchafu wenyewe hutoka sehemu nyingi. Matangi ya vituo vya mafuta hukaa chini ya ardhi, na huingia maji mifuniko yake isipofungwa sawasawa wakati wa masika. Tangi la gari nalo hutengeneza maji yake: katika miji yenye unyevu kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hewa iliyomo ndani ya tangi lisilojaa hupoa usiku na kuacha matone ukutani, ambayo hushuka na kukaa chini ya mafuta kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Anayenunua mafuta kwenye madumu vijijini hununua na kilichokuwamo ndani ya dumu kabla.

Hapa ni vyema ikaeleweka kwamba chujio si dawa ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huyeyukiana nayo na kupita kwenye karatasi ya chujio bila kizuizi, kisha kuinyima pampu ulainisho inaoutegemea. Nchini Tanzania tatizo hilo lilishughulikiwa kwa njia nyingine: mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha utaratibu wa kuyawekea mafuta vinasaba, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kazi ya chujio ni vitu vinavyoonekana na vile vidogo mno visivyoonekana kwa macho, basi.

Muda wa kubadilisha hutofautiana. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, lakini kwa magari mengi ya dizeli umbali unaotajwa sana ni kilomita 20,000, na kwa petroli huwa mrefu zaidi. Gari linalokwenda mara kwa mara maeneo ambako mafuta huuzwa kwa madumu halipaswi kusubiri namba hizo.

Kabla ya kushika spana, mwenye gari anatakiwa ajue chujio lake liko wapi. Katika magari ya zamani yenye kabureta ni kikopo kidogo cha plastiki kinachopitisha mwanga, kimeshikwa kwa klipu mbili kwenye mpira wa mafuta. Magari mengi ya petroli yanayotumia nozeli, hasa ya miaka ya 1990, yana chujio la chuma karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, au chini ya gari karibu na tangi. Magari mengi mapya ya petroli hayana chujio la nje kabisa. Limo ndani ya tangi pamoja na pampu, na hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Hilo la mwisho ni afadhali aachiwe fundi, kwa sababu tangi hufunguliwa wazi na mvuke wake hujaa ndani ya gari.

Hatari kubwa katika kazi hii ni moto, na nyumbani hatari hiyo ina sura yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautawanyiki juu bali hutambaa chini kama maji, ukitafuta bonde. Jiko la mkaa lililowashwa uani, hata likiwa hatua kadhaa kutoka kwenye gari, linatosha. Kazi ifanyike nje, mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa, watoto wakiwa mbali, bila sigara, na bila ile taa ya balbu ya waya ambayo mafundi hupenda kuitundika chini ya boneti, kwani balbu ikipasuka huwasha. Kizima moto cha unga kiwekwe karibu na mkono, si ndani ya buti chini ya mizigo. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza.

Hatari ya pili ni shinikizo. Katika gari la petroli lenye nozeli, mafuta kwenye paipu hukaa katika shinikizo la takriban bar 3 hata baada ya injini kuzimwa, na anayefungua nati bila kuliondoa hurushiwa petroli usoni. Njia ya kuliondoa ni rahisi. Fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta huchomolewa, injini huwashwa na kuachwa ijizimie yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha stata huzungushwa tena sekunde mbili tatu. Baada ya hapo ndipo waya hasi wa betri hufunguliwa, ili pasiwe na cheche, na mfuniko wa tangi hulegezwa.

Kitambaa huzungushiwa nati kabla ya kuifungua, na chombo huwekwa chini, maana hata baada ya yote hayo matone yatatoka. Spana mbili zinahitajika kwa wakati mmoja: moja inalishika chujio lisizunguke na nyingine inafungua. Wengi hutumia moja, na matokeo yake ni paipu ya chuma iliyopinda au kupasuka, hasara inayozidi bei ya chujio mara nyingi. Magari yenye paipu za plastiki hayana nati bali vishikizo vya kubofya, ambavyo huvunjika kwa urahisi vikilazimishwa kwa bisibisi.

Chujio jipya lina mshale ubavuni. Mshale huo huonyesha njia ya mafuta, na lazima uelekee injini. Likifungwa kinyume gari linaweza kuwaka, lakini chujio halitafanya kazi ilivyokusudiwa. Washa za shaba, pale zilipo, hubadilishwa na kuwekwa mpya kwa kuwa za zamani zimekwisha kubonyea. Kisha betri na fyuzi hurudishwa. Katika magari mengi kuwasha swichi bila kuzungusha stata, mara tatu au nne, hutosha kulijaza chujio; katika baadhi, yakiwamo ya Toyota ya zamani, pampu hukaa kimya mpaka stata izungushwe, hivyo mtu asishtuke asiposikia sauti yake. Injini ikishawaka, viungo vyote hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Petroli ikionekana hata kwa unyevu tu, injini huzimwa mara moja.

Dizeli: Adui ni hewa

Dizeli haiwaki upesi kama petroli, na ndiyo maana wengi huanza kujifunzia huko. Taabu yake ni nyingine. Injini ya dizeli ikivuta hewa badala ya mafuta haiwaki, na mwenye gari anaweza kuimaliza betri akizungusha stata bure.

Chukulia Hilux au Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya kizazi cha zamani, aina ambayo bado imejaa katika barabara za Afrika Mashariki. Chujio lake ni kopo la chuma linalokazwa kwa kuzungushwa kama chujio la oili. Juu yake kuna kitufe kikubwa cha pampu ya mkono, na chini kuna koki ya kutolea maji pamoja na waya wa ile taa ya dashibodi. Koki hiyo haina budi kuzoewa hata na asiyebadilisha chujio mwenyewe: taa ikiwaka, hulegezwa, kitufe hubonyezwa mara chache, na maji hutoka mpaka dizeli safi ionekane. Ni kazi ya dakika tano, na imewaokoa madereva wengi njiani.

Kubadilisha huanza kwa kuchomoa waya na kumwaga dizeli iliyomo ndani ya kopo kwenye chombo. Kopo hulegezwa kwa spana ya mkanda. Kihisio cha maji kilichoko chini huhamishiwa kwenye chujio jipya kikiwa na oringi mpya. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu oringi ya zamani hubanwa tena ikiwa imepasuka, na gari huanza kuvuta hewa kidogo kidogo kila usiku. Ni lazima pia kuhakikisha raba ya juu ya chujio la zamani haikubaki imegandia pale juu. Raba mpya hupakwa dizeli, chujio huzungushwa kwa mkono mpaka raba iguse, kisha robo tatu ya mzunguko tena, kwa mkono huohuo. Spana ni ya kufungulia, si ya kukazia.

Je, lijazwe dizeli kabla ya kufungwa? Mafundi wengi hufanya hivyo, na kwa injini za zamani haikuwa na madhara makubwa. Lakini dizeli inayomiminwa katikati ya chujio huwa imeruka karatasi na kwenda moja kwa moja upande wa pampu pamoja na uchafu wake. Katika injini mpya zenye reli ya pamoja ya mafuta, ambazo mafundi huziita komoni reli, shinikizo hupita bar 1,000 na matundu ya nozeli ni membamba mno. Chembe moja ya mchanga ni hasara. Lililo salama ni kulifunga chujio tupu na kubonyeza kitufe cha mkono mpaka kiwe kigumu, hata kama ni mara hamsini. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mkupuo, na ipumzishwe kati ya mkupuo mmoja na mwingine.

Kwa injini hizo za komoni reli liko katazo moja lisilo na msamaha: paipu za chuma zinazokwenda kwenye nozeli zisilegezwe kamwe ili kutoa hewa, kama ilivyokuwa desturi kwa injini za zamani. Mafuta yanayotoka pale hupenya ngozi ya mkono, na jeraha lake, ingawa linaonekana dogo kama la sindano, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Vilevile tabia ya kunyonya mafuta kwa mpira kwa kutumia mdomo iachwe. Yakiingia kwenye mapafu huweza kuua.

Kuhusu ununuzi, soko la vipuri lina machujio ya kila namna, na sanduku zuri si ushahidi. Chujio la zamani lipelekwe dukani lilinganishwe. La bandia mara nyingi ni jepesi, raba yake ni ngumu, nyuzi zake zina makali yasiyosafishwa, na karatasi inayoonekana kwenye tundu imekunjwa kwa mikunjo michache iliyolala ovyo. Tofauti ya bei huwa inavutia. Inavutia kidogo mtu akikumbuka bei ya seti ya nozeli.

Chujio lililotolewa lisitupwe kabla ya kusomwa. Yakimiminwa mafuta yake kwenye kikombe cheupe, kupitia upande yalikoingilia, hueleza hali ya tangi: punje nyekundu ni kutu, tabaka linalojitenga chini ni maji, na utelezi mweusi katika dizeli huashiria vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Chujio jipya likionyesha hivyo tena baada ya wiki chache, tatizo ni tangi, nalo linahitaji kushushwa na kusafishwa. Mafuta hayo machafu yasimwagwe mtaroni. Gereji nyingi zina pipa la oili chafu na hupokea.

Kesho yake asubuhi, kabla ya gari kuwashwa, ni vizuri kuangalia chini yake kama kuna tone, na kuandika kilomita zilizosomeka siku chujio lilipofungwa.