MATOKEO YETU YALITOKA MARA MBILI (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu, nimeamka nakuta meseji zenu mnauliza sehemu ya sita iko wapi. Haya, kaa vizuri. Leo wodini hatuendi. Leo narudi Kipawa, kidato cha nne, mwaka 2012, maana kuna mtu aliandika juzi kwamba sisi manesi wa siku hizi "ni wale wa ziro ya 2012". Nimecheka, halafu nikaona nieleze.

Kwanza uelewe tulikotoka. Sisi tuliingia kidato cha kwanza 2009, shule za kata zikiwa zimeota kila mahali kwa muda mfupi. Majengo yalikuja haraka, walimu hawakuja kwa kasi ile. Wengine waliletwa baada ya mafunzo mafupi mpaka mtaani wakaitwa "Voda fasta", unakumbuka? Nisiwaseme vibaya, mwalimu bora wa Baiolojia niliyewahi kumpata alikuwa mmoja wao. Alikuwa anatuchorea moyo ubaoni kwa chaki ya rangi aliyonunua mwenyewe. Mpaka leo nikisikiliza kifua cha mgonjwa, naiona ile chaki nyekundu na ya bluu.

Kemia sasa. Mwalimu wa Kemia tulikuwa tunagawana na shule nyingine. Akija, ndege nayo inapaa. Aliyesoma Kipawa anajua: uwanja wa ndege uko hapo hapo, ndege ikipita mwalimu ananyamaza na mkono hewani, anasubiri, halafu anauliza, "Tulikuwa wapi?" Hakuna anayejua. Maabara ilikuwa chumba chenye meza, ndani zimehifadhiwa jembe na madawati mabovu. Mtihani wa vitendo tulifanya ule wa karatasi, unaoelezwa jaribio na wewe ujifanye umeliona. Na yote kwa Kiingereza, sisi ambao miaka saba ya msingi tulisoma kwa Kiswahili. Nilikuwa nakariri sentensi nzima bila kujua kitenzi kiko wapi.

Juu ya hapo, tukiwa kidato cha tatu, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya Gongo la Mboto yakalipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa. Sisi tulikimbia na mama kufuata barabara ya Nyerere kuelekea mjini, mimi nimembeba mdogo wangu, na mguu mmoja sina kiatu. Daftari zangu za mwaka mzima sikuziona tena. Hiyo nitaiandika siku yake.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau: kuanzia 2008 mtihani wa kidato cha pili ulikuwa haumzuii mtu. Ukifeli, unapanda. Mimi binafsi nilifeli Hisabati na Fizikia vibaya kidato cha pili, nikapanda zangu kidato cha tatu nikiwa nacheka. Kizuizi kilirudishwa 2012, sisi tumeshapita.

Basi Oktoba 2012 tukafanya mtihani. Tarehe 18 Februari 2013 Waziri wa Elimu, Dk. Shukuru Kawambwa, akatangaza matokeo. Divisheni ziro: watahiniwa 240,903. Waliofaulu wote, kuanzia divisheni 1 mpaka 4, walikuwa 126,847, yaani asilimia 34.5. Na ukitaka wale wa divisheni 1 mpaka 3 peke yao, hawakufika 24,000 nchi nzima.

Mimi nilienda kuangalia intaneti kafe ya pale stendi, tumepanga foleni kama ya maji. Nikakuta divisheni 4 ya pointi 31. Kiswahili C, Uraia D, Baiolojia D, mengine yote F. Kemia F. Na hakuna chuo cha uuguzi kinachokupokea na F ya Kemia. Niliyekaa naye dawati moja miaka minne alipata ziro ya 34, maana yake alikuwa na D moja tu, masomo mengine F. Alirudi nyumbani akiwa ameshika ukuta. Siku zile magazeti yaliandika habari za watoto waliojiua kwa sababu ya matokeo. Kwetu mama alinificha dawa ya panya bila kusema neno. Nilikuja kujua baadaye sana.

Nchi ilichafuka. Bungeni, redioni, kwenye daladala, kila mtu ana sababu yake. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, mwenyekiti Profesa Sifuni Mchome. Mwanzoni mwa Mei, William Lukuvi akasimama bungeni akasema matokeo ya kidato cha nne yamefutwa, yatapangwa upya.

Hapa ndipo watu wanachanganya, kwa hiyo soma taratibu. Hatukurudia mtihani. Karatasi hazikusahihishwa upya kwa kalamu nyingine. Kilichobadilika ni mipaka ya madaraja. Miaka ya nyuma Baraza la Mitihani lilikuwa linarekebisha mipaka kulingana na matokeo yalivyo, na alama za maendeleo za shuleni. 2012 ikatumika mipaka isiyobadilika, mfumo mpya, wadau hawajaandaliwa. Tume ikasema turudi kwenye utaratibu wa 2011. Mwisho wa Mei yakatoka tena: ufaulu ukapanda mpaka asilimia 43 hivi. Waliobaki na ziro bado walikuwa zaidi ya 210,000. Kwa hiyo anayesema "walipewa wote" hajui hesabu.

Mimi Kemia yangu ikatoka F ikawa D. Fizikia D. Kiingereza D. Baiolojia C.

Nikuulize sasa wewe msomaji: kati ya Februari na Mei nilijifunza Kemia gani? Hakuna. Nilikuwa nauza karanga na barafu Karakata. Kichwa ni kile kile, karatasi ni ile ile. Februari sifai kuwa nesi, Mei nafaa. Kemia niliijua chuoni, mwaka wa kwanza, mkufunzi mmoja mkali alipotukalisha jioni mpaka tukaelewa kwa nini dripu ya chumvi ni asilimia 0.9 na si maji matupu. Nililia siku ile, nadhani kwa hasira. Ilikuwa kitu cha nusu saa kuelezwa, kwa lugha ninayoisikia.

Madaraja yenyewe hayakutulia. Mwaka uliofuata ikaletwa B+ na E. Mdogo wangu, yule niliyembeba usiku wa mabomu, alimaliza baadaye akakutana na mambo ya GPA, yeye ana "Credit", mimi nina divisheni. Halafu 2016 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri, divisheni zikarudi. Ukikaa na watu wa ajira wakikagua vyeti, utawahurumia.

Sasa yule wa dawati. Baada ya Februari alipelekwa Morogoro kwa shangazi yake, kufikia Aprili akaolewa. Simu hana. Mimi Mei nilikuwa nashangilia yangu, sikumtafuta. Hiyo naikiri hapa mbele yenu.

Mwaka juzi alikuja kliniki ninapofanya kazi, mimba ya nne. Tulikumbatiana mpaka foleni ikalalamika. Wakati nampima presha nikamuuliza, "Shoga, hivi ile ya pili ulipata ngapi?" Akasema, "Ya pili ipi?" Alijua matokeo yamefutwa, akadhani yamefutwa basi, kila mtu kabaki mikono mitupu. Nikafungua simu, nikatafuta namba yake ya mtihani. Divisheni 4, pointi 32. D tatu.

Aliangalia ile simu muda mrefu. Akaniambia, "Kwa hiyo mume wangu ananiita ziro miaka yote hii." Halafu akauliza kama mtoto anacheza vizuri tumboni, tukaendelea na vipimo.

Cheti chake tunakifuatilia mpaka sasa, nimeambiwa nirudi Jumanne. Kama na wewe ni wa 2012, ukaangalia ya Februari tu, kaangalie tena.