Mfumbuaji na Mtambikaji: Lugha ya Ibada katika Milima ya Usambara

Atakayebahatika kuishika mikononi Biblia ya Kiswahili iliyochapwa Stuttgart mwaka 1937 atasoma kurasa chache kisha atasita. Mahali alipozoea kumkuta nabii, atamkuta mfumbuaji. Mahali pa kuhani atamkuta mtambikaji. Torati imekuwa Maonyo, na Injili imepewa jina la Utume Mwema. Kiswahili ni Kiswahili, wala hakuna neno atakaloshindwa kulielewa, ila ni Kiswahili kilichoacha pwani kikapanda mlima. Na kweli kilipanda. Mfasiri wake mkuu, Karl Roehl, alikuwa mmisionari wa Bethel aliyeanza kazi yake katika milima ya Usambara, na waliomsaidia katika kazi hiyo ni Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Jina la kwanza limebaki katika historia ya lugha yetu. Hayo mawili hutajwa kwa nadra, nasi wapenda lugha tuna deni kwao.

Ili kuielewa Biblia ile hatuna budi kurudi Mlalo, mwaka 1891. Johann Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kufika Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, lakini safari zake hazikuzaa misheni. Walioanza kukaa ni Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, waliojenga kituo Mlalo na kukiita Hohenfriedeberg. Vuga ikafuata mwaka 1895, kisha Bumbuli mwaka 1899. Mji wa Lushoto wenyewe, ambao leo ni makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, uliitwa na Wajerumani Wilhelmstal.

Wamisionari hao waliamini kwamba kila taifa lapaswa kumsikia Mungu kwa lugha ya mama. Kwa hiyo lugha ya ibada mlimani ilikuwa Kishambaa. Roehl mwenyewe alikichunguza kwa bidii hata akatoa sarufi yake mwaka 1911. Kiswahili walikitazama kwa jicho la wasiwasi: kilikuwa lugha ya pwani, lugha ya msafara na ya akida, na zaidi ya yote, kwao kilinukia Uislamu. Hofu hiyo tuikumbuke, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kuzaa mfumbuaji na mtambikaji.

Lakini lugha haiombi ruhusa. Serikali ya Kijerumani ilitawala kwa Kiswahili. Mashamba ya mkonge chini ya milima yalikusanya watu wa makabila mengi. Misheni ilikuwa na waumini Tanga na Udigoni ambao Kishambaa hakikuwahusu. Mwaka 1910 misheni za Kiprotestanti zilianza kutoa gazeti lao la Kiswahili, Pwani na Bara, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba mipaka ilikuwa imekwisha kuvukwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika na Wajerumani wakaondolewa, sharika za mlimani zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika. Bethel iliporejea katika miaka ya 1920, Kiswahili kilikuwa kimeketi barazani kama mwenyeji, na utawala wa Kiingereza ulikuwa ukielekea kukisanifu.

Hapo ndipo Roehl alipokata shauri. Kama Kiswahili hakiepukiki, basi na kisafishwe. Mwaka 1930 Agano Jipya lake lilitoka, na mwaka huohuo akaandika katika jarida la Africa akitetea hoja kwamba maneno ya Kiarabu yaondolewe na nafasi zao zishikwe na maneno ya Kibantu. Gerald Broomfield wa misheni ya Kianglikana ya Unguja alimjibu mwaka 1931, akipinga huko kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba neno likishatumiwa na watu huwa lao, na kuling'oa ni kuijeruhi lugha yenyewe.

Mimi naona Broomfield alishinda kwa hoja, lakini Roehl anastahili kusikilizwa zaidi ya alivyosikilizwa. Tuyapime maneno yake mawili.

Mfumbuaji ni neno zuri. Limetoka katika kufumbua: kufumbua macho, kufumbua fumbo. Mshairi atalipenda papo hapo, kwa kuwa kazi ya kufumba na kufumbua anaijua tangu utotoni, tangu ngano na vitendawili. Msikilizaji wa Mlalo asiyewahi kuingia chuoni angelielewa bila kufunzwa. Kasoro yake ni kwamba lasema nusu ya jambo. Manabii wa Biblia hufumbua, ndiyo, lakini hufumba pia. Ezekieli na Danieli wamewaachia watu mafumbo ambayo hayajafumbuliwa hadi leo.

Mtambikaji ni mzigo mzito zaidi. Usambara ni nchi ya tambiko. Mfalme wa Vuga alitarajiwa kuleta mvua, na Washambaa walikuwa na msamiati kamili wa jambo hilo: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Wasomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, wanajua uzito wa enzi ile. Sasa fikiri: mkristo wa mlimani anaonywa, na pengine anatengwa na usharika, kwa sababu ya kushiriki tambiko la ukoo, kisha Jumapili anasomewa habari za Haruni, mtambikaji wa Mungu. Je, neno hilo lilimvuta karibu na Biblia, au lilimchanganya? Nadhani lilifanya yote mawili. Kuhani, neno lenye asili ya Kisemiti, lilikuwa tupu masikioni mwake, na utupu huo ulimpa mhubiri nafasi ya kulijaza apendavyo. Mtambikaji alikuwa tayari amejaa.

Isitoshe, Roehl hakuweza kuufuata mkondo wake mpaka mwisho. Roho ilibaki, malaika akabaki, na yote mawili ni maneno ya Kiarabu. Angefanyaje? Mtu wa Lushoto alikuwa akishuka Tanga na Pangani kuuza na kununua kabla Mjerumani hajapanda mlima, akarudi na chumvi, nguo na maneno. Maneno hayo hayakuwa ya kigeni tena. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 iliwarudisha nabii na kuhani madhabahuni, na Biblia ya Roehl ikastaafu polepole.

Wimbo una hadithi yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu washairi wameisahau. Walutheri ni watu wa kuimba, na tenzi za Kijerumani zilikuja pamoja na katekisimo. Lakini Kishambaa ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Ukikivika tuni iliyotungwa Wittenberg, tuni hupanda pale neno linapotaka kushuka, na mwimbaji huimba maana moja huku kinywa kikisema nyingine. Kiswahili hakina toni, kwa hiyo kiliponea chupuchupu. Naamini hiyo ni sababu mojawapo, ingawa haisemwi, iliyokirahisishia Kiswahili kuingia kanisani kwa mlango wa kwaya.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mkazo, nao huketi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Utenzi maarufu wa Luther juu ya Mungu aliye ngome huanza kwa kubadilishana mistari ya mizani nane na saba. Mstari wa saba humalizikia kwa silabi nyepesi, nzito ikiitangulia, basi Kiswahili huingia humo kama mguu katika kiatu chake. Mstari wa nane humalizikia kwa silabi nzito. Hapo neno la Kiswahili hulazimika kuvutwa mwishoni, na mkazo wake halisi hupita bila kusikika. Mtunzi wa shairi, aliyezoea mizani nane kila kipande, angedhani mstari wa nane ndio ulio rahisi! Mizani ni sawa, mapigo siyo. Na vina, ambavyo kwetu ni uti wa shairi, mara nyingi vilitolewa sadaka ili mafundisho yapate nafasi. Anayeyaita mashairi ya nyimbo hizo mabovu asisahau kwamba watungaji walikuwa wakitumikia mabwana watatu kwa wakati mmoja: tuni, imani na lugha. Nafuu ilikuja katika miaka ya 1960 na baadaye, wakati Howard Olson wa Makumira alipokusanya nyimbo zilizotungwa kwa sauti za Kiafrika, na neno la Kiswahili likaanza kuimbwa kwa mwendo wake.

Kuna neno jingine ambalo Walutheri wamelitunza, nalo ni usharika. Wakatoliki wana parokia. Serikali ina ushirika wa wakulima. Mlutheri ana usharika, na chini yake mitaa. Shina ni lilelile la Kiarabu, sharika, ambalo Roehl angetamani lisiwepo, na tofauti ya irabu moja imetenga kanisa na duka la pembejeo. Vivyo hivyo kipaimara: neno lililoundwa kwa kupa na imara, ambalo kijana wa miaka kumi na minne hulitamka bila kujua kwamba nusu yake ni Kibantu na nusu Kiarabu.

Na Kishambaa? Hakikufa kanisani, kilihamia uani. Liturgia ni Kiswahili, mahubiri ni Kiswahili, matangazo ni Kiswahili. Lakini baraka ikishatolewa na watu wakatoka nje, mnada huanza. Sadaka za mazao huinuliwa juu moja moja: kabichi, kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, kikapu cha matunda ya damu. Mzee wa kanisa anayenadi hutaja bei kwa Kiswahili, kwa sababu fedha ni mambo ya wote. Utani wa kuwachokoza wasiopandisha dau huutoa kwa Kishambaa, na uwanja mzima hucheka.