Ubuddha: imani iliyosafiri na wafanyabiashara

Ufuta wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, ukishapita kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, mwingi huvuka bahari hadi China, na mwingine Japani. Korosho ghafi za Ruangwa na Nachingwea huishia India na Vietnam. Kule Tunduru, wachimbaji wa zamani wanaikumbuka miaka ya 1990, yakuti zilipoibuka na wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka wakajaa mjini. Hivyo watu wa Kusini wamefanya biashara na nchi zenye Wabuddha wengi kwa muda mrefu, ingawa ukiuliza Wabuddha hao wanaamini nini, wengi watabaki kutazamana.

Biashara yenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa masimulizi ya Wabuddha, wafuasi wa kwanza hawakuwa watawa. Walikuwa wafanyabiashara wawili wa misafara, Tapussa na Bhallika, waliomkuta Buddha, mwanzilishi wa imani hii, njiani wakampa chakula cha shayiri na asali.

Jina lake la kuzaliwa ni Siddhartha Gautama. Alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal, katika ukoo wa watawala wa Shakya. Wanahistoria hawajaafikiana kuhusu miaka; wengi humweka kati ya karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba alilelewa mbali na kila lenye kuumiza, mpaka siku alipotoka nje akamwona mzee, mgonjwa, maiti na mtawa. Akiwa na miaka 29 akaondoka usiku, akamwacha mke na mtoto mchanga. Msomaji wa kwetu ana haki ya kukunja uso hapo. Miaka sita alijinyima hadi akakonda vibaya, kisha akaona njaa haimpi hekima kuliko anasa. Akaketi chini ya mti huko Bodh Gaya, kaskazini mwa India, na akiwa na miaka 35 akapata kile alichokuwa akikitafuta. Aliishi hadi miaka 80 akifundisha kwa miguu, kijiji hadi kijiji.

Mafundisho ya kwanza aliyatoa Sarnath, karibu na Varanasi, kwa wenzake watano. Alisema maisha yana mateso: kuzeeka, kuugua, kufiwa, kukosa unachokitaka. Mateso hayo hutokana na tamaa, ile hali ya kung'ang'ania vitu ambavyo havidumu. Tamaa ikizimika, mateso nayo huisha, na hali hiyo ndiyo nirvana. Njia ya kuifikia ina hatua nane, kuanzia kuelewa na kusema vizuri hadi kuituliza akili kwa tafakuri.

Mwislamu au Mkristo wa Mbekenyera atauliza: Mungu yuko wapi? Buddha hakufundisha habari za Mwenyezi Mungu aliyeumba dunia. Alifundisha kwamba tendo la mtu lina matokeo yatakayomfuata hadi maisha mengine, na kwamba hakuna nafsi ya kudumu isiyobadilika. Hapo ndipo imani hizi zinapoachana kabisa, na haisaidii kujifanya zinafanana.

Kwenye mwenendo zinakaribiana zaidi. Muumini wa kawaida huahidi mambo matano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Tena kuna biashara alizokatazwa, nazo ni silaha, nyama, vileo, sumu na binadamu. Hiyo ya mwisho inagusa historia yetu, maana misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilipita Kusini hii hii kuelekea Kilwa na Lindi. Lakini katazo kwenye maandiko ni jambo moja, na dola ni jambo jingine. Siam, nchi ya Wabuddha inayoitwa leo Thailand, ilifuta utumwa mwaka 1905. Tanganyika ikafuata 1922.

Watawa pia si wageni kabisa kwetu. Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, bila mke na bila mali binafsi. Mtawa wa Kibuddha huishi hivyo, ila kwa desturi ya zamani hupita asubuhi na bakuli, akila alichopewa na waumini.

Ubuddha ulipata nguvu katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mfalme Ashoka wa India alipojutia damu aliyoimwaga katika vita vya Kalinga. Kwa masimulizi ya Sri Lanka, mwanawe Mahinda alipeleka mafundisho kisiwani humo, na binti yake Sanghamitta akapeleka chipukizi la ule mti wa Bodh Gaya, likapandwa Anuradhapura. Baadaye misafara ya hariri ikaifikisha dini hiyo China.

Tanganyika iliipokea kupitia Wasinhala wa Sri Lanka, waliokuja kufanya kazi enzi za ukoloni. Walijenga hekalu Dar es Salaam ili wapate mahali pa ibada wao na watoto wao, na mpaka leo lina mti unaosimuliwa kuwa uzao wa ule wa Anuradhapura. Hawakuja kubadilisha dini ya mtu. Ndiyo maana Ubuddha umekaa Tanzania miaka mingi hivyo na bado Watanzania wanaoufuata ni wachache mno.