Shikamoo Jazz: Wazee Walivyorudi Jukwaani na Shabiki wa Mwika Akakumbuka Deni Lake

Mwezi wa kumi na mbili Mwika inafurika. Magari ya kutoka Dar yanapanda kutoka Himo, yanapita Marangu, kila kihamba kinapata wageni wake. Jioni mbege ikishazunguka ndo ugomvi unapoanza: nani ashike spika? Vijana wanataka Bongo Fleva, wazee wanataka za kwao.

Kuna meku mmoja wa huko, jina lake libaki kijijini, ambaye kwenye ugomvi huo huwa hashindwi. Anatoa redio kaseti yake ya kitambo, anaweka kaseti iliyoandikwa kwa kalamu neno moja tu: SHIKAMOO. Wajukuu wanajibu "marahaba" huku wanacheka. Wanadhani ni salamu. Kumbe ni bendi.

Na si bendi ya kawaida. Ni bendi ya watu waliokuwa wameshasahaulika.

Kwa wale waliolijua neno zilipendwa mwaka 2017, WCB walipotoa wimbo wenye jina hilo, turudi nyuma kidogo. Muziki wa dansi wa Tanzania ulikuwa na utaratibu wake. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, Umoja wa Vijana nao walikuwa na Vijana Jazz. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara kama karani. Raha ilikuwepo, lakini kulikuwa na shida moja: gitaa halikuwa lake. Ukiacha kazi, au ukizeeka, unaliacha pale pale.

Kwenye kurekodi ndo balaa zaidi. Santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watu wa Mwika hawakuhitaji kusimuliwa hilo, maana Taveta iko hapo chini tu, ng'ambo ya Holili. Kilichobaki kwa bendi nyingi ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Unaingia, unarekodi, wimbo unapigwa nchi nzima miaka na miaka. Jina linakuwa kubwa, mfuko unabaki vile vile.

Sasa fikiria mtu aliyechezesha watu tangu kabla ya Uhuru, halafu miaka ya tisini inamkuta ana mvi, hana gitaa, hana pensheni ya maana, na redio bado zinapiga sauti yake.

Mwaka 1993 likatokea jambo. HelpAge International, shirika linaloshughulikia maisha ya wazee, lilisaidia kuwakusanya wakongwe wa dansi Dar es Salaam na kuwapatia vyombo. Hawakuwa bendi moja iliyovunjika ikarudiana. Walitoka bendi tofauti, wengine walikuwa wapinzani enzi zao. Kati yao alikuwepo Salum Zahoro, yule wa Kiko Kids Jazz ya Tabora. Bendi ikaitwa Shikamoo Jazz. Jina lenyewe limemaliza kila kitu: ukiwaita tu, tayari umeshawaamkia.

Na hawakukaa kupiga kwa huruma ya watu. Mwaka 1995 walikwenda Uingereza, wakapanda jukwaa la tamasha la WOMAD. Albamu yao ya Chela Chela ikatoka. Bi Kidude wa Zanzibar naye aliimba nao, miaka mingi kabla hajapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005.

Dunia nzima inaijua Buena Vista Social Club, wazee wa Cuba waliorekodi Havana 1996, wakachukua Grammy, wakatengenezewa na filamu. Ni stori tamu, hakuna anayebisha. Ila angalia tarehe. Wazee wa Tanzania walikuwa wameshakusanyana miaka mitatu kabla. Na hawa ni watu waliokua wakisikiliza santuri za Cuba, mpaka Morogoro kukawa na bendi inaitwa Cuban Marimba! Tofauti ni kwamba upande mmoja kamera zilifika.

Lakini kuna upande mwingine unaouma. Mwaka huo huo wa 1995, mwezi Machi, alifariki Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, akiwa na miaka 40 tu. Hemedi Maneti wa Vijana Jazz alishatangulia 1990. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Hawa hawakupata nafasi ya kuzeeka, wala ya kurudi jukwaani na mvi wapigiwe makofi. Ndo maana wale waliofika walipopanda, walikuwa wamebeba na wenzao.

Meku wa Mwika hayo yote aliyasikia redioni, huku akipalilia kahawa. Alifurahi kama aliyerudishiwa ndugu. Ila furaha ikamletea na swali. Kaseti zake zote, hata ile ya SHIKAMOO, alizirekodi kutoka redioni. Maisha yake yote aliwapenda wale watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupata senti yake. Mapenzi bure kabisa.

Kiukweli hakuwa peke yake. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo na COSOTA vilikuja na mwaka 1999, wengi wakiwa wameshazikwa. Na leo anayepakua nyimbo bure kwenye simu anafanya kile kile cha meku, tofauti ni kwamba yeye hahitaji kaseti.

Siku moja meku alishuka Dar kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Akaulizia wazee wanapiga wapi. Akaenda, akalipa kiingilio, akakaa mbele. Ulipofika wimbo anaoujua akainuka, akaenda hadi jukwaani kutuza. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa baba wa watoto wakubwa, lakini mbele ya yule mwimbaji aliinama kama mtoto, noti mkononi, akasema, "Shikamoo."

Mzee hakuacha kuimba. Alipofika kwenye kituo akavuta pumzi, akasogea pembeni ya maiki, akamjibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akaendelea na ubeti.

Hiyo ndo sababu kila Desemba, hata wajukuu wakinuna, ile kaseti lazima ipigwe kwanza.