Kimya cha San Lorenzo

Wenye nyumba wa San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma, hawakumwita daktari Maria Montessori kwa kupenda falsafa ya malezi. Walikuwa na kuta za kulinda. Majengo yale yaliinuliwa kwa pupa miaka ya 1880, biashara ya ujenzi ikaporomoka kabla hayajakamilika, yakajaa watu wasio na pa kwenda. Kampuni iliyoyanunua na kuyakarabati ikakuta adha nyingine: wazazi wanashinda kazini, na watoto wasiofikia umri wa shule wanashinda ngazini wakiharibu chokaa mpya. Ndipo tarehe 6 Januari 1907 ikafunguliwa Nyumba ya Watoto. Kwa hiyo anayedai kwamba lile zoezi la kimya lililoipa shule hiyo sifa lilikuwa hila ya kuwatuliza watukutu hasemi upuuzi. Aliyelipia shule alitaka utulivu.

Hata hivyo, zoezi lenyewe linasema jingine. Montessori anasimulia kwamba siku moja aliingia darasani na kichanga cha miezi 4 alichokipokea kwa mama yake uani, akawatania watoto kwamba hawawezi kutulia kama hicho, wala kupumua taratibu vile. Wakajaribu. Baadaye akawa anasimama mbali na kuwaita kwa mnong'ono, mmoja mmoja. Aliyesikia jina lake alinyanyuka na kunyata asigonge kiti. Amri ya "nyamaza!" hufunga kinywa tu, na mtoto anaweza kuitii huku mguu unacheza na akili inazurura. Hapa kila kiungo kilihusika, na sikio kuliko vyote. Tena mtoto hawezi kukipata kimya hiki peke yake: mmoja akiburuta kiatu, darasa zima limekipoteza. Kukitunza, basi, ni kuwafikiria wenzio wote kwa wakati mmoja, na kuwajibu bila neno.

Wapo watakaosema kwamba shahidi wetu ni mwalimu mwenyewe, na mwalimu huyu hakuchoka kujisifia kazi yake. Ni kweli. Anasema aliwaahidi peremende watakaoitwa, nao wakazikataa. Kisa hicho sikitegemei, maana mtoto hukataa peremende hata kwa haya. Ninachokitegemea ni asili ya ule mnong'ono, ambayo haina sifa yoyote ya kujivunia: alitaka kupima usikivu wao. Kabla ya San Lorenzo alikuwa amewafundisha watoto walioitwa wapungufu wa akili, akisoma kwa makini maandishi ya Itard, tabibu wa taasisi ya viziwi ya Paris. Mwenye nyumba angeridhika na mtoto asiyetoa sauti. Mpima masikio haridhiki hivyo. Kwake mtoto anayekaa tu baada ya kuitwa ni mtoto ambaye huenda hasikii, na kipimo hakikamiliki mpaka anyanyuke aje.