SIMU MBILI, ALFAJIRI MBILI



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani inapokaribia hunijia swali la aina moja kutoka pande zote. Dada mmoja ataandika: "Sheikh, simu yangu inaadhini Alfajiri saa 11:18. Ya mume wangu inaadhini saa 11:30. Tuko Dar es Salaam, chumba kimoja, kitanda kimoja. Tuache kula kwa simu ipi?" Huyo kauliza, Allah amlipe kheri. Wengine hawaulizi, wanagombana. Nimeona watu wazima, wenye ndevu nyeupe, wakinyoosheana simu karibu na mihrabu, mmoja akidai yake ndiyo sahihi kwa sababu ni mpya zaidi!

Jibu fupi ni kwamba simu zote mbili zimehesabu sawasawa. Hakuna iliyoharibika. Zimetofautiana kwa sababu kila moja imefuata kauli ya watu wengine, na kauli hizo zina historia ndefu kuliko simu, kuliko saa ya mkononi, kuliko hata saa ya ukutani. Leo nataka tuisome historia hiyo, maana tumebeba mfukoni kazi ya wanazuoni na hatuwajui.

Tuanze na asili. Swala imewekewa nyakati maalumu, hilo liko katika Sura An-Nisaa, aya ya 103. Na Jibril (a.s.) alimswalisha Mtume wetu (s.a.w.) siku mbili, siku ya kwanza mwanzo wa nyakati na ya pili mwisho wake, akamwonyesha kwamba wakati ni baina ya hizo mbili. Alama alizopewa ni za kuonekana kwa macho: kuchomoza kwa alfajiri, jua kupinduka, urefu wa kivuli, kuzama kwa jua, kutoweka kwa shafaki. Mchungaji wa mbuzi angeweza kuzijua, na mvuvi wa ngalawa pia. Hata hivyo macho nayo yanahitaji mafunzo. Mnakumbuka kisa cha Adiy bin Hatim (r.a.), aliyeweka uzi mweupe na uzi mweusi chini ya mto wake akingoja kuvitofautisha, mpaka Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Na alfajiri zenyewe ni mbili. Ya uongo husimama wima mbinguni kama mkia, kisha giza hurudi. Ya kweli hutanda kwa upana kwenye upeo wa macho.

Uislamu ulipoenea kutoka Andalusia hadi Uhindi, mambo yakawa mengi. Kivuli cha Adhuhuri huko Baghdad si kivuli cha Sana'a. Mawingu nayo hayana adabu, huziba jua wiki nzima. Ndipo watu wa hesabu wakaingia kazini. Karne ya 9, Al-Khwarizmi, yule ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithi linaloendesha simu zenu leo, anatajwa kuwa miongoni mwa wa mwanzo kutengeneza majedwali ya nyakati za swala kwa mji wa Baghdad. Kwa hiyo mtu anayesema kuswali kwa hesabu ni uzushi ulioletwa na simu za Wachina, amechelewa miaka elfu moja na zaidi.

Ni kweli upinzani ulikuwepo, tusifiche. Al-Biruni, aliyefariki karne ya 11, alisimulia katika kitabu chake cha vivuli jinsi alivyomwonyesha mtu mmoja wa msikitini chombo cha kujulia nyakati za swala. Chombo kilichongwa miezi ya Kirumi, kwa sababu miezi hiyo hufuata jua. Yule bwana akakataa kisiingie msikitini, kwa hoja kwamba kufanya hivyo ni kujifananisha na Warumi. Al-Biruni akamjibu kwa ukali wake wa kawaida: Warumi nao hula chakula na hutembea sokoni, basi usiwaige hata katika hayo mawili. Kila nikisikia kijana anaharamisha kitu kwa sababu tu kimetengenezwa na asiyekuwa Mwislamu, huku anaandika kwa simu iliyotengenezwa na hao hao, humkumbuka Al-Biruni.

Sasa tufike kwa mtu ninayetaka mumjue. Kuelekea mwisho wa karne ya 13, huko Misri, misikiti mikubwa ilianza kuwa na mtumishi mpya anayeitwa muwaqqit, yaani mtunza nyakati. Kabla yake mwadhini alitegemea kivuli na nyota. Muwaqqit alikuwa mwanachuoni wa falaki na hesabu, amesoma fiqhi, na mshahara wake ulitoka kwenye wakfu wa msikiti. Kazi yake ilikuwa kumwambia mwadhini: sasa.

Mashuhuri kuliko wote ni Ibn al-Shatir wa Damascus, aliyezaliwa mwaka 1304 na kufariki 1375. Alikuwa mkuu wa watunza nyakati katika Msikiti wa Banu Umayya. Wahadhiri wengi hupenda kujivuna kwamba hesabu zake za sayari zinafanana na zile alizokuja kuandika Copernicus miaka mia na hamsini na zaidi baadaye, na kweli zinafanana, lakini leo si darsa ya kujivuna. Mimi naitazama kazi yake ya kila siku. Mwaka 1371 alichonga saa ya jua kwenye bamba la marumaru lenye urefu wa karibu mita 2 na upana wa mita 1, ikawekwa kwenye mnara wa msikiti. Mistari yake ilionyesha saa za mchana na nyakati za swala, hata ikakusaidia kujua umebakiwa na muda gani kufika Alfajiri. Jiwe lile lilitumika karne kwa karne. Mwaka 1873 lilivunjika mikononi mwa mwanachuoni aliyekuwa akilirekebisha, naye akatengeneza nakala yake badala ya kuiacha nafasi tupu.

Na alikuwa na kifaa kingine kidogo. Kisanduku cha shaba, kipana kama sentimita 12 kila upande, alichokiita sanduku la vito. Ndani mna saa ya jua na dira. Unakifungua kiganjani, unajua saa na unajua kibla. Haya, niambieni, hiyo si simu ya mwaka 1366? Bila chaji, bila bando!

Mwenzake katika mji ule ule, Shamsuddin al-Khalili, alikaa akahesabu majedwali ya nyakati za Damascus kwa kila siku ya mwaka, na jedwali la kibla lenye karibu namba 3,000, ambapo unatafuta mahali ulipo duniani unasoma mwelekeo wa Makka. Karibu namba elfu tatu kwa kalamu ya mwanzi, ndugu zangu. Majedwali yake ya Damascus yaliendelea kutumika mpaka karne ya 19. Programu ya simu yako inafanya hesabu ya namna hiyo hiyo, ila inaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Hapa ndipo penye jibu la yule dada na mumewe. Alama ya Alfajiri ni mwanga, na mwanga hauna namba iliyoandikwa juu yake. Mwanafalaki hulazimika kuugeuza uwe namba: jua liko digrii ngapi chini ya upeo wa macho wakati weupe wa kwanza unapotanda? Wa zamani walitazama na wakatofautiana. Wengine walisema 18, wengine 19, wapo waliosema 20. Katika majedwali mengi ya Misri na Sham ilizoeleka 19 kwa Alfajiri na 17 kwa kutoweka shafaki. Tofauti hiyo haijafa. Fungua mipangilio ya programu yako ya swala uone majina: Rabita ya Makka hutumia digrii 18 kwa Alfajiri, Mamlaka ya Upimaji ya Misri 19.5, Ummul Qura ya Saudia 18.5, Karachi 18, na jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini 15. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, na sisi tulio karibu na ikweta jua letu hushuka takriban wima, basi kila digrii kwetu ni kama dakika nne. Kutoka 18 hadi 15 ni digrii tatu. Tatu mara nne ni dakika kumi na mbili. Saa 11:18 na saa 11:30. Simu ya mume ilikuwa imewekwa hesabu ya Waislamu wa Marekani, na huenda hata hajui nani aliiweka.

Alasiri ndiyo hatari zaidi, maana tofauti ni kubwa. Sisi Mashafii tunaingia Alasiri kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiongeza kile cha jua la utosi. Mahanafi, kwa kauli yao mashuhuri, husubiri kiwe mara mbili. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kama saa nzima. Ukiona simu yako inachelewa Alasiri saa nzima baada ya msikiti kuadhini, usimlaumu imamu wako. Na kalenda ya Ummul Qura huweka Isha dakika 90 baada ya Magharibi, na katika Ramadhani dakika 120. Wenyewe Saudia wana utaratibu wao. Wewe wa Tandika au Kisauni ukiifuata bila kujua, utakaa unasubiri Isha wakati wenzako wako kwenye Tarawehe.

Basi ufanye nini? Mji wako una kalenda iliyokubaliwa na masheikh wa hapo, ifuate, na uiweke simu yako ilingane nayo. Ukiwa safarini au peke yako na simu zimetofautiana, shika tahadhari: kwa kufunga, acha kula kwa ile inayotangulia, kwa kuswali Alfajiri, subiri ile inayochelewa. Hutakuwa umekula ndani ya saumu wala umeswali kabla ya wakati.

Lipo jambo jingine linalonikera zaidi ya dakika kumi na mbili. Muwaqqit wa Damascus alikuwa na uso. Watu walimjua, walimsalimia, akikosea walimwendea. Hata saa za gurudumu zilipokuja, Istanbul ilijengewa vyumba maalumu pembeni ya misikiti vilivyojaa saa, watu wakipita kurekebisha saa zao za mfukoni kwa muwaqqit. Saa zao zilihesabiwa tangu kuzama kwa jua, mpaka Uturuki ilipoziacha rasmi mwaka 1926. Sisi watu wa saa kumi na mbili jioni tunawaelewa vizuri sana. Na aliyemlipa muwaqqit alikuwa ni Mwislamu aliyeweka wakfu, akitaraji thawabu. Programu ya simu ni ya bure. Umewahi kujiuliza nani anailipia?

Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu moja kubwa ya swala zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni inayouza taarifa kama hizo, na miongoni mwa wanunuzi wake walikuwamo wakandarasi wa ulinzi, na kupitia njia hiyo jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano na wauzaji hao. Fikiria: unaomba simu ikuonyeshe Kaaba, nayo inamwonyesha mtu mwingine wewe uko wapi. Sisemi futeni programu. Nasema chagua mji wako kwa mkono na uzime ruhusa ya kufuatiliwa, hesabu haitabadilika.

Na dira ya simu msiiamini kupita kiasi. Ina kihisi kidogo cha sumaku, na kava lenye sumaku au nondo za ukuta huipoteza. Watu wa pwani mna bahati. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ziko karibu mstari mmoja na Makka, kwa hiyo kibla chenu ni kaskazini, kwa tofauti isiyofika digrii mbili. Nairobi ni kaskazini ukielekea mashariki kama digrii saba.

Ukitaka kuhakikisha bila simu, iko njia ambayo Nasiruddin al-Tusi aliieleza karne ya 13. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu kabisa ya Kaaba: tarehe 27 na 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 na 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa za Makka ndizo saa zetu Tanzania, Kenya na Uganda. Walioko Bujumbura, Kigali na Bukavu watoe saa moja, walioko Muscat waongeze moja. Simika kijiti wima mahali pa tambarare, dakika hiyo chora mstari juu ya kivuli chake. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye kijiti, huko ndiko kibla. Waiteni watoto wa madrasa wachore wenyewe, kisha muweke simu pembeni ya mstari muone imesema nini.

Wabillahi tawfiq.